Kosa Moja, Milango Miwili: Pale Sheria ya Kazi Inapokutana na Jinai

Mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo anahesabiwa mzigo mwisho wa mwaka, na unaonekana upungufu wa mabati na nondo za shilingi milioni sita. Tajiri anafanya kile ambacho matajiri wengi hufanya: anapiga simu kituo cha polisi. Jioni hiyo mtunza stoo yuko mahabusu. Kesho yake jina lake limeondolewa kwenye orodha ya mishahara. Wiki ya pili ndugu zake wanaitwa walipe "ili mambo yaishe".

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini wakili yeyote aliyezoea kusimama mahakamani atakitambua mara moja. Tajiri anaamini sheria iko upande wake kwa sababu ameibiwa. Mfanyakazi anaamini iko upande wake kwa sababu hakuna hakimu aliyemtia hatiani. Wote wawili wamechanganya maswali mawili ambayo sheria imeyatenga kwa makusudi. Swali la jinai ni kama mtu huyu ametenda kosa linalostahili adhabu ya dola. Swali la kazi ni kama mwajiri ana sababu halali ya kuvunja mkataba, na kama ameuvunja kwa utaratibu wa haki. Tukio ni moja, lakini kila swali lina mlango wake, kipimo chake cha ushahidi na muda wake. Sehemu kubwa ya hasara za mwajiri na machozi ya mfanyakazi hutokana na mtu kuingia mlango mmoja akitafuta kilichomo kwenye mwingine.

Nani anashtaki, na kwa kipimo gani

Katika kesi ya jinai tajiri si mwenye kesi. Anayeshtaki ni Jamhuri, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mwajiri ni mlalamikaji na shahidi. Ndiyo maana baadaye anaposema "nimemsamehe, nafuta kesi", maneno yake hayalazimishi chochote. Upande wa mashtaka ndio unaoamua kuendelea au kuiondoa kesi. Na ukiendelea, Sheria ya Ushahidi ya 1967 inautaka uthibitishe kosa bila kuacha shaka yenye mashiko. Mshtakiwa hana wajibu wa kuonyesha kuwa hakuiba. Akifanikiwa kutikisa ushahidi kiasi cha hakimu kubaki na shaka ya maana, anaachiwa huru, hata kama hakimu moyoni anamshuku.

Kwenye ajira, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema kuachisha kazi si halali kama mwajiri hakuthibitisha mambo mawili: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Hata hivyo kipimo chake ni chepesi kuliko cha jinai. Inatosha uwezekano uelemee upande mmoja, yaani ushahidi uonyeshe kwamba jambo lilitokea zaidi ya inavyoonekana kwamba halikutokea.

Tofauti hii ya vipimo ndiyo inayoeleza jambo linalowashangaza wengi: mtu anaweza kushinda kesi ya wizi na bado kuachishwa kazi kihalali, na mwingine anaweza kuwa mwizi kweli na bado mwajiri wake akaamriwa kumlipa fidia. Wa kwanza ushahidi dhidi yake haukufikia kipimo cha hakimu, lakini ulitosha kwa kikao cha nidhamu. Wa pili alifukuzwa bila kusikilizwa. Sheria ya kazi haikumsafisha. Ilimwadhibu mwajiri kwa kuruka hatua.

Hatua zenyewe zimeandikwa katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007. Kwanza uchunguzi ufanyike. Kisha mfanyakazi apewe maandishi yanayoeleza tuhuma kwa lugha anayoielewa, na apate muda wa kujiandaa, kwa kawaida si chini ya saa 48. Aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na kiongozi ambaye hakuhusika na tukio, mtuhumiwa awaulize maswali mashahidi, na akionekana na kosa asikilizwe tena kuhusu adhabu. Mwisho apewe uamuzi wenye sababu, kwa maandishi. Barua ya kujieleza peke yake, ambayo ofisi nyingi huichukulia kuwa ndiyo kesi nzima, ni mwanzo tu wa safari hiyo.

Upungufu si wizi

Turudi kwenye stoo. Milioni sita zimepungua, lakini je, ni wizi? Kanuni ya Adhabu haisemi kwamba kila kisichoonekana kimeibwa. Wizi unahitaji mtu achukue mali kwa ulaghai na bila dai la haki, na sheria hiyo ina kosa mahususi kwa mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake, lenye adhabu kubwa kuliko wizi wa kawaida kwa sababu ya kuvunja uaminifu. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe ni nini kilichukuliwa, kilikuwa cha nani, na ni nani aliyekichukua. Hesabu inayoonyesha tofauti kati ya daftari na rafu inathibitisha upungufu. Haithibitishi mkono uliochukua.

Hapo ndipo kesi nyingi za namna hii hufia. Stoo ina funguo tatu zilizoko kwa watu watatu. Mzigo ulipokelewa bila hati ya makabidhiano. Tajiri mwenyewe alikuwa akichukua bidhaa jioni kwa ajili ya wateja wake bila kuandika. Hakimu akisikia hayo, shaka yenye mashiko imeshajiandikia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mahali methali hiyo inauma kama kwenye kizimba cha shahidi, mwajiri anapoulizwa na wakili wa utetezi alete leja ya miezi sita iliyopita.

Kwenye sheria ya kazi, mwajiri huyohuyo angekuwa na njia iliyonyooka zaidi. Hana haja ya kuthibitisha wizi. Anaweza kumwita mtunza stoo ajibu kwa nini hakufuata utaratibu wa kutoa mzigo, au kwa nini alizembea kiasi cha kuleta hasara. Kanuni za 2007 zinautaja uzembe mkubwa, sawa na kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa, miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi hata kwa kosa la kwanza. Lakini utaratibu huo wa stoo lazima uwepo, uwe wazi, mfanyakazi awe anaujua, na uwe unatumika kwa wote. Kanuni inayofufuliwa siku ya kumwondoa mtu mmoja haitasimama.

Utetezi nao hupimwa tofauti kwenye kila mlango. Dai la haki ni utetezi wa kweli katika jinai: mtu aliyechukua mali akiamini kwa dhati kwamba ana haki nayo hatendi wizi, hata kama imani yake ni potofu. Dereva aliyezuia jenereta la ofisi kwa kuwa anadai mishahara ya miezi minne anaweza kukwepa hatia ya wizi kwa utetezi huo. Nidhamu ya kazi ni jambo jingine, na huko anaweza kukutwa na kosa.

Kifungu kinachofunga mikono ya mwajiri

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo waajiri wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Sheria ya 2004, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 37(5), ilikataza mwajiri kumchukulia mfanyakazi hatua ya adhabu au kumwachisha kazi ikiwa ameshashtakiwa mahakamani kwa kosa la jinai ambalo kimsingi ni lilelile, mpaka mahakama itoe uamuzi wa mwisho na rufaa zake ziishe. Kanuni za 2007 zikaongeza kwamba katika kipindi hicho mwajiri anaweza kumsimamisha kazi mfanyakazi huyo, ila kwa mshahara kamili.

Fikiria maana yake kwa tajiri wa Kariakoo. Kwa kukimbilia polisi kabla ya kuitisha kikao cha nidhamu, amejifungia mlango aliokuwa na nafasi kubwa ya kushinda na kujipeleka kwenye ule mgumu zaidi. Mtunza stoo akishafikishwa mbele ya hakimu, kila mwezi wa kuahirisha kesi kwa sababu shahidi hajafika au upelelezi haujakamilika ni mwezi wa mshahara kwa mtu asiyefanya kazi. Na kama alikwisha kumfuta kwenye orodha ya mishahara siku ya pili, kama katika kisa chetu, basi ameshatoa sababu ya kushtakiwa yeye.

Kwa nini wabunge waliweka sharti zito hivi? Hoja ina uzito. Katiba ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Pia mtu anayejitetea kwenye kikao cha ofisi analazimika kufunua utetezi wake mapema. Kila anachosema kinaandikwa na wasimamizi ambao kesho watakuwa mashahidi dhidi yake mahakamani. Akinyamaza kulinda kesi ya jinai, anapoteza kazi. Akisema kulinda kazi, anaweza kupoteza uhuru. Kifungu hicho kilikusudia kumtoa kwenye mtego huo.

Lakini maneno yake yana mipaka. Yanazungumzia aliyeshtakiwa, si aliyeripotiwa wala aliyekamatwa. Mtu aliyehojiwa polisi akaachiwa kwa dhamana bila kufikishwa mahakamani hajashtakiwa bado, na mlango wa nidhamu uko wazi. Vilevile yanasema kosa ambalo kimsingi ni lilelile. Hapa ndipo mabishano hukolea: mwajiri anasema hati yake ya nidhamu ni ya kukiuka taratibu za stoo, si wizi, mfanyakazi anajibu kwamba ni nguo ileile iliyogeuzwa ndani nje. Jibu hutegemea mambo ya kweli yaliyomo ndani ya kila hati, si jina lililoandikwa juu.

Swali gumu zaidi ni la kesi inayoondolewa mahakamani. Upande wa mashtaka ukiiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mara nyingi anaachiliwa kwa namna isiyozuia kukamatwa na kushtakiwa tena. Hajatiwa hatiani, lakini pia hajaachiwa huru kwa hukumu. Je, huo ni uamuzi wa mwisho? Mwajiri atasema ndiyo na kuitisha kikao. Mfanyakazi atasema upanga bado unaning'inia. Busara ya mwajiri hapo ni kusikiliza kwanza na kuadhibu baadaye, na busara ya mfanyakazi ni kutodhani kwamba karatasi ya kuondoa kesi ni tiketi ya kurudi kazini.

Kenya ilichagua njia nyingine

Jirani zetu wa kaskazini walikutana na swali hilihili wakatoa jibu tofauti kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kuwa utovu mkubwa wa nidhamu si tu kutenda kosa la jinai dhidi ya mwajiri, bali hata kushukiwa kwa misingi ya kutosha kwamba umelitenda. Inakwenda mbali zaidi: mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa linaloweza kumpeleka kifungoni, asipoachiliwa kwa dhamana ndani ya siku 14, anaweza kufutwa kazi kwa sababu hiyo. Kinachomlinda ni kifungu cha 41: hata mtuhumiwa wa aina hii lazima aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama.

Kwa Kenya, basi, milango yote miwili iko wazi kwa wakati mmoja, na mwajiri hana haja ya kusubiri mahakama. Gharama ya ucheleweshaji wa kesi imehamishiwa kwa mfanyakazi: mtu aliyekosa wadhamini wiki mbili anaweza kukosa na ajira, kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. Tofauti ilionekana pia kwenye fidia. Sheria ya Tanzania ilipotungwa iliweka mshahara wa miezi 12 kuwa kima cha chini cha fidia ya kuachishwa isivyo haki. Ya Kenya ikaweka miezi 12 kuwa kima cha juu. Viwango vya Tanzania vimefanyiwa marekebisho tangu hapo, na anayedai leo asome sheria ilivyo sasa, lakini namba hiyo moja iliyowekwa sakafuni upande mmoja na darini upande wa pili inaonyesha kila bunge lilikuwa likimwogopea nani.

Kituoni: maneno ya saa za mwanzo

Mfanyakazi anayeingizwa kituoni huwa na hofu ya kazi kuliko ya kifungo, na hofu hiyo humfanya aseme mengi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa haki ambazo hazina thamani asipozitaja: kuelezwa sababu ya kukamatwa, kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na kuonywa kabla ya kuhojiwa. Muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa nne, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Aliyekamatwa bila hati, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, anapaswa kuachiwa kwa dhamana ya polisi isipokuwa kosa lionekane zito.

Maelezo ya onyo anayoyatia sahihi ndiyo mara nyingi huamua kesi. Maungamo aliyoyatoa kwa hiari mbele ya polisi yanaweza kupokelewa kama ushahidi. Yaliyotokana na vitisho au ahadi ya polisi, au ya mtu mwingine mwenye mamlaka, hayahesabiwi kuwa ya hiari. Maneno hayo ya mwisho yanamhusu pia bosi. Karatasi ya "nakiri nimechukua na nitalipa", iliyoandikwa ofisini mlango ukiwa umefungwa na mlinzi akiwa amesimama nje, inaweza kugeuka dhidi ya aliyeilazimisha, maana kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai lenyewe. Raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu katika mazingira fulani, lakini anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumlaza stoo usiku kucha si kukamata.

Siku 30

Kama kuna namba moja ambayo kila mfanyakazi wa Tanzania Bara angepaswa kuikariri, ni hii. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Kesi ya jinai inaweza kuchukua miaka. Mtunza stoo aliyefukuzwa siku ya pili baada ya kukamatwa, akaamua "acha kwanza kesi ya polisi iishe ndipo nidai haki yangu", atashinda mahakamani na kukuta mlango wa Tume umefungwa. Anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza ucheleweshaji wote, na "nilikuwa nasubiri kesi nyingine" si jibu linalopokelewa kirahisi. Kama alikuwa mahabusu, ndugu wenye nyaraka zake wanapaswa kujua kwamba saa inahesabu.

Tume huanza na usuluhishi, na shauri likishindikana huko huingia kwenye uamuzi. Asiyeridhika na tuzo anaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita. Si kila mtu yuko kwenye njia hii. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hakupewa kinga hii ya kuachishwa isivyo haki. Mtumishi wa umma anapaswa kwanza kumaliza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya 2005.

Fedha, na mwajiri kizimbani

Inabaki ile milioni sita. Mwajiri hawezi kuikata kwenye mshahara kwa amri tu. Sheria inamtaka aandike sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kuwaita ndugu walipe ili kesi isifike mahakamani ni hatari zaidi. Kupokea pesa kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai au kuacha kulishtaki ni kosa kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu. Fidia ina njia zake: mahakama ya jinai inaweza kuamuru mshtakiwa aliyetiwa hatiani afidie, na mahakama ya madai iko wazi. Na mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa nia mbaya bila sababu ya msingi, kesi ikaisha kwa upande wake, anaweza naye kudai fidia kwa aliyechochea mashtaka.

Ni kosa pia kudhani jinai kazini ni ya mfanyakazi pekee. Ajira ya watoto na kazi za kulazimishwa ni makosa ya jinai chini ya Sheria ya 2004. Kumkata mfanyakazi mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi bila kuuwasilisha kwenye mfuko kunaweza kumfikisha mwajiri mbele ya hakimu. Wengi wanaokimbilia polisi kwa sababu ya nondo zilizopotea hawangependa daftari zao za michango zifunguliwe siku hiyohiyo.

Nani abebe gharama ya kuchelewa

Ukiyaweka yote pamoja, ushauri wa vitendo ni mfupi. Mwajiri anayetaka kulinda biashara yake achunguze kwanza, amsikilize mtuhumiwa kwa utaratibu, aamue kuhusu kazi, na kuhusu polisi aende na ushahidi badala ya hasira. Mfanyakazi adai maandishi ya kila hatua, asitie sahihi asichokisoma, na aende Tume ndani ya siku 30 hata kama kesi ya jinai inaendelea. Asiye na uwezo wa wakili ana pa kuanzia: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko mitaani na vijijini.

Lakini swali kubwa ni la sera. Kusimamisha nidhamu mpaka rufaa ya mwisho ni haki nzuri kwenye nchi ambayo kesi ya wizi wa stoo huisha kwa miezi michache. Pale inapochukua miaka, haki hiyo inamfundisha mwajiri mjanja kumfukuza mtu haraka kabla hati ya mashtaka haijasajiliwa, au kugeuza wizi uitwe uzembe, na inamfilisi mwajiri mwaminifu aliyeamini vyombo vya dola. Njia ya Kenya inaondoa tatizo hilo kwa kumtwisha mzigo mtu aliye dhaifu zaidi katika mkataba. Kati ya hayo mawili, afadhali la Tanzania, kwa sababu mwajiri anaweza kujipanga na kufuata mpangilio sahihi wa hatua, wakati mtu aliyeko rumande hana cha kupanga. Kinachohitaji kurekebishwa ni ukomo: mshahara wa aliyesimamishwa usitegemee idadi ya maahirisho, na kesi za wafanyakazi waliosimamishwa kazi zipangiwe muda mahakamani. Dola ndiyo inayochelewesha kesi hizi, na kwa sasa ndiyo pekee isiyolipa chochote zinapochelewa.